Tumwache mtoto, tumhoji Georges mtu mzima

Mhariri,

Kila inapojadiliwa filamu ya Kifaransa "Caché" (2005) ya Michael Haneke, watu hubishana nani aliyekuwa akimtumia Georges, mtangazaji wa televisheni, zile kanda za video zinazoonyesha nyumba yake ikirekodiwa kwa siri. Ubishi huo hauna mwisho, na nadhani mwongozaji aliutaka hivyo: Georges anapita karibu kabisa na mahali ilipopaswa kuwa kamera, na haioni.

Wapo pia wanaomtetea kwamba alikuwa na miaka sita tu alipomsingizia Majid, yatima wa Kialgeria ambaye wazazi wake Georges walitaka kumlea. Alisema Majid anatema damu, kisha akamdanganya amchinje jogoo. Majid akaishia kwenye kituo cha watoto. Utetezi huo naukubali. Mtoto aliogopa kugawana na mwingine.

Ila hesabu ya Georges inaanza ukubwani. Anakwenda kwa Majid na kumtisha, halafu anamwambia mkewe hakukuta mtu. Kanda inayofuata inamuumbua, tena inamwonyesha Majid akilia peke yake baada ya mgeni kuondoka. Pierrot, mwana wa Georges, asiporudi nyumbani usiku mmoja, Majid na kijana wake wanalazwa rumande. Kumbe Pierrot alikuwa kwa rafiki yake. Majid anapojikata koo mbele yake, Georges anatoka na kwenda sinema. Sinema! Hakuna hata moja kati ya haya alilolifanya akiwa mtoto.

Na wanaosema Majid alikuwa na kinyongo? Tumtazame Majid vizuri: anamkaribisha kwa upole na kukana kuhusika na kanda. Anayeona kisasi kila kona ni Georges, kwa kuwa anajua anachodaiwa.

Wazazi wa Majid hawakurudi kutoka kwenye maandamano ya Waalgeria jijini Paris, Oktoba 17, 1961, ambayo polisi chini ya mkuu wao, Maurice Papon, waliyazima kwa mauaji. Wengine walitupwa mto Seine. Georges analitaja hilo kwa maneno machache na kupita. Ufaransa nayo ilipita hivyo hivyo kwa miongo mingi, hadi Rais Hollande alipoyatambua mauaji hayo mwaka 2012.

Kwa picha ya mwisho, ngazi za shule, tuangalie upande wa kushoto: Pierrot na kijana wa Majid wanazungumza. Hatusikii neno. Wanaodai hapo ndipo njama inapofichuka wanajaza pengo wenyewe, na hata wakipatia, bado Georges atajibu kwa aliyoyatenda.

Msomaji wako,
Mpenzi wa filamu