Malalamiko kuhusu ziara ya Mombasa mliyotuuzia likizo ya Agosti

Nakuru,
25 Agosti 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Utalii na Usafiri,
Mombasa.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: ZIARA YA FAMILIA MJINI MOMBASA, WIKENDI YA TAREHE 9 AGOSTI 2025

Naandika kulalamikia ziara mliyotuuzia wikendi hiyo na kudai sehemu ya fedha zetu.

Mimi nimezaliwa Majengo na nimesomea Mombasa hadi kidato cha nne, kwa hiyo mji huo si mgeni kwangu. Nilinunua ziara yenu kwa sababu nilikuwa nikiwaleta wakwe zangu, wazee ambao hawakuwahi kuiona bahari, pamoja na watoto. Nilitaka mtu mwingine ashughulikie gari, tiketi na ratiba ili nami nipate kukaa na wazee. Karatasi yenu iliahidi Fort Jesus, Mji wa Kale, hifadhi ya bahari, Lighthouse, feri ya Likoni, Haller Park na chakula cha Kiswahili. Karibu kote huko tulifikishwa, lakini tulifikishwa saa isiyofaa au tukapitishwa mbio, na muda uliopatikana kwa mbio hizo mkautumia kutupeleka dukani. Wazee wamerudi Nakuru na picha za simu, na Mombasa niliyowaahidi hawakuiona.

Nianze na bahari, kwa kuwa ndiyo iliyowatoa nyumbani.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na aliyekulia pwani anajua kwamba siku hizo ni za bamvua. Maji hukupwa sana asubuhi, mida ya saa nne na saa tano, kisha hujaa sana mida ya saa kumi jioni. Hapo hapana la kubahatisha. Nyakati za kupwa na kujaa hupigiwa hesabu mapema na kuchapishwa za mwaka mzima, na mvuvi asiye na karatasi yoyote atakuambia kwa kuutazama mwezi. Ninyi mlipanga watoto waogelee saa nne asubuhi, na boti yenye sakafu ya kioo iondoke saa kumi jioni. Mambo yote mawili mliyapindua.

Tulipofika ufukwe wa umma wa Bamburi, maji yalikuwa yamekwenda mbali. Watoto, waliovaa nguo za kuogelea tangu alfajiri, walizunguka kwenye mchanga na mwani wakitafuta dimbwi la kuwafika magotini. Wakati huohuo boti za vijana wa ufukweni zilikuwa zikiondoka na wageni kuelekea mwambani, maana ule ndio uliokuwa wakati wake: maji juu ya matumbawe ni haba, mwamba unayazuia mawimbi ya nje, na samaki wanaonekana vizuri. Nilimwomba mwongoza watalii wenu abadilishe mambo, tupande boti asubuhi ile na watoto waogelee jioni maji yakijaa. Alinijibu kuwa ratiba imetoka ofisini na yeye hana ruhusa ya kuigusa. Kama hana ruhusa ya kufuata bahari, basi aliyeketi ofisini ndiye aliyepaswa kuifuata kabla ya kuandika karatasi.

Ilipofika saa kumi, maji yamejaa pomoni, kusi la Agosti linavuma, na mawimbi yanauvuka mwamba. Chini ya kile kioo tuliona maji meupe yaliyochafuka na mchanga unaozunguka. Mama mkwe alitapika njia nzima. Nahodha simlaumu, alifanya alichoweza kwa saa aliyopewa. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa imelindwa tangu 1986, na kila nilichowaeleza wazee kwamba kimo humo, matumbawe, kasa, viti vya pweza, samaki wa kila rangi, hawakukiona hata kimoja.

Na kuna jambo zito zaidi ya hilo. Botini hamkuwa na jaketi ya kuokolea maisha ya saizi ya mtoto hata moja, nasi tuliligundua hilo boti ilipokwisha kuondoka na jaketi zilipoanza kugawiwa. Mwanangu wa mwisho alivishwa ya mtu mzima ikamvuka kichwa. Nilimshika mapajani tangu kutoka mpaka kurudi, bahari ikiwa imechafuka vile. Nikamwambia mtu wenu, akajibu kwamba safari ni fupi. Jibu hilo sitalisahau, na nataka aliyelitoa aulizwe.

Jumapili ilikuwa zamu ya Fort Jesus. Basi lilisimama nje, tukaambiwa tupige picha ukutani kisha tuendelee, kwa sababu kiingilio ni juu ya mteja. Karatasi yenu, ambayo nakala yake nimeiambatisha, inasema wazi “pamoja na viingilio vyote”. Nilikataa kupanda basi mpaka mwongozaji akapiga simu ofisini, ndipo tukaingia, tena kwa masharti kwamba tuwe nje baada ya nusu saa. Pale makumbusho wapo waongozaji wao wenyewe wanaoijua ngome ile jiwe kwa jiwe. Mtu wenu akasema hawahitajiki. Kisha akawaambia watoto kwamba ngome ilijengwa na Waarabu ili kuwafungia watumwa.

Binti yangu alikuwa ameshika daftari, akaandika. Nililazimika kumwambia afute, mbele ya watu, na sikupenda kumvunjia mwongozaji heshima. Lakini Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko risasi. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Haya si mambo ya siri, na mtu anayelipwa kuwaeleza wageni angepaswa kuyajua kabla ya kuvaa fulana yenye nembo yenu.

Katika nusu saa ile hatukufika kwenye michoro ambayo Wareno waliiacha ukutani. Nyumba ya Waomani tuliipita kwa nje. Baba mkwe alikuwa fundi seremala maisha yake yote, na alitaka sana kuona vitu vilivyotolewa chini ya bahari kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mzingiro. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la kwanza wakati mwongozaji alipopiga makofi kutuita.

Tuliharakishwa kwenda wapi? Kwenye duka la vinyago kando ya barabara ya kwenda Malindi, ambalo halikuandikwa popote kwenye ratiba. Huko hatukukimbizwa. Tulikaa mpaka adhuhuri ikapita, na niliona kwa macho yangu mwenye duka akimuuliza dereva idadi ya abiria na kuiandika daftarini. Niliposema kwamba tumeahidiwa Mji wa Kale, nikaambiwa kuwa muda umekwisha na tutaupita tukiwa ndani ya basi. Vichochoro vya Mji wa Kale havipiti basi. Kwa hiyo hatukuuona.

Hapa ndipo niliposikitika kuliko pengine pote, kwa sababu Mji wa Kale uko pale pale mlangoni pa Fort Jesus, kuutembea hakuna kiingilio, na ninyi msingegharamika chochote. Mngewaacha wazee washuke Ndia Kuu polepole, waitazame milango ya nakshi na roshani za mbao, wafike Msikiti wa Mandhry wenye mnara usiofanana na mwingine mjini, wateremke mpaka bandari ya kale kuangalia majahazi. Seremala yule angesimama mbele ya kila mlango. Angekunywa kahawa chungu kwa kashata barazani, akaulizwa ametoka wapi, akajibu, na mazungumzo yangeanza. Mama mkwe naye alitaka leso ya Mombasa, si nyingine. Biashara Street angechagua jina alipendalo, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, kati ya mamia, na fundi akaipinda pale pale kwa cherehani. Badala yake aliuziwa leso pale dukani kwa bei iliyonishangaza, na hata jina lake hakulipenda.

Lighthouse mlitupeleka saa saba mchana. Jua kali, viti vitupu, wauza mihogo hawajafika. Mkazi yeyote angewaambia kwamba watu huenda Lighthouse jua likipungua, wakala mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, wakanywa madafu, wakatazama meli zikiingia Kilindini. Chakula cha Kiswahili kilikuwa kuku na chipsi za hoteli. Wali wa nazi na samaki wa kupaka sikuviona.

Kuhusu feri, ankara yenu ina mstari wa “tiketi ya feri kwa kila abiria”. Tulivuka Likoni kwa miguu. Anayevuka kwa miguu halipi kitu pale, na kila mtu Mombasa analijua hilo. Naomba mnieleze fedha hizo zilikwenda wapi. Naomba pia risiti ya KWS, shirika la wanyamapori, ya ada za hifadhi ya bahari, ambazo mliziandika kuwa zimelipwa. Hatukuonyeshwa risiti yoyote.

Haki isemwe: Haller Park ilipendeza. Watoto walilisha twiga, na mfanyakazi mmoja wa pale aliketi na wazee akawaeleza jinsi machimbo makavu ya kiwanda cha saruji yalivyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971 mpaka yakawa msitu, akawasimulia na kisa cha Owen, kiboko aliyeachwa yatima wakati wa tsunami ya 2004 akajishikiza kwa kobe mzee aitwaye Mzee. Mama mkwe bado anakisimulia kisa hicho. Shukrani hizo ni za mfanyakazi yule. Dereva wenu naye aliendesha kwa uangalifu, na aliwashika wazee mkono kila waliposhuka.

Ninachodai ni hiki. Mrudishe gharama yote ya boti, fedha yote ya feri, na nusu ya malipo ya ziara ya mjini kwa kila mtu wa kundi letu. Mniandikie barua inayoeleza ni hatua gani mmechukua kuhusu jaketi za watoto, kwa maana familia nyingine itapanda boti hiyohiyo likizo ya Desemba. Mwongozaji wenu apewe mafunzo, au aajiriwe anayejua. Na duka la vinyago liandikwe kwenye ratiba kama mnakusudia kupeleka watu huko, pamoja na muda wa kukaa, ili mteja achague mwenyewe kabla ya kulipa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Nimeanza kwenu kwa kuwa napenda tuyamalize baina yetu. Nisipopata jibu la maandishi kufikia tarehe 8 Septemba, nitapeleka barua hii pamoja na viambatisho vyake kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, inayowapa leseni.

Malipo yarudishwe kwa nambari ileile ya simu iliyowalipa.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, kundi la Nakuru

Viambatisho: nakala ya ratiba, ankara, ujumbe wa malipo, na picha za jaketi zilizopigwa botini.