Jumanne Nilikuona

Makole, Dodoma
21 Septemba 2025

Ndugu yangu Elia,

Mbukwa! Huku hatujambo, isipokuwa vumbi na ule upepo wa mwezi wa tisa unaoujua, unaopeleka mchanga mpaka ndani ya kabati la vyombo. Mama nimemwona leo asubuhi akitoka kanisani. Anatembea mwenyewe, fimbo ameishika kama pambo tu. Amesema nikuambie dawa zinamtosha mpaka Krismasi.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata, na nakiri kwamba sikuijibu makusudi. Ilinikera. Kurasa nne nzima unalalamikia kifaa cha kufungwa kwenye ndege! Mimi hapa nagombea dirisha kwenye daladala ya Chang'ombe, na mwenzangu niliyechunga naye mbuzi kule Msalato ana robo ya Cessna, ndege ndogo waliyoinunua wanne, halafu analia kwamba serikali ya Marekani inamlazimisha aseme yuko wapi. Nikamwambia mama Petro, "Elia keshakuwa Mzungu." Nikaikunja barua nikaiweka ndani ya Biblia, pale ninapoweka mambo ya kujibu nikishatulia.

Sasa nimetulia, kwa sababu Jumanne nilikuona.

Ngoja nikueleze. Petro, yule uliyemwacha hajaota meno, sasa yuko mwaka wa tatu UDOM, anasoma mambo ya kompyuta. Likizo hii amekuja na kijidude kama flashi, akakichomeka kwenye kompyuta yake, akavuta waya mpaka juu ya bati, akafunga antena ya kujitengenezea kando ya tanki la maji. Nikadhani anatafuta chaneli za mpira. Usiku akaniita. Kwenye kioo kulikuwa na ramani, na juu ya ramani vijindege vinatambaa kama siafu. Kimoja kimetoka Addis Ababa kinakwenda Johannesburg, kingine kinapita juu ya Kondoa, futi 37,000, na mwendo wake, na namba ya safari, na upande kinakoelekea, vyote vimeandikwa. Nikamuuliza, neno la siri umelipata wapi? Akacheka. "Baba, hakuna neno la siri. Zenyewe ndizo zinajitangaza."

Hapo nikaikumbuka barua yako, hasa ule ukurasa wa pili nilioupita haraka. Nilikuwa nadhani hiyo ADS-B, kifaa unachokilalamikia, ni rada ya aina nyingine. Rada inapiga ukelele na kusubiri mwangwi, yenyewe ndiyo yenye kazi ya kukutafuta. Hiki chako ni kinyume chake: kinasoma mahali ulipo kwa setilaiti, halafu kila sekunde kinatangaza hewani, mimi ni namba fulani, niko hapa, kimo changu hiki, naelekea kule. Anayesikia ni mwongoza ndege, ni rubani mwenzako, na ni Petro kando ya tanki la maji.

(Kuhusu rada, unajua sisi tulivyolijua neno lenyewe: kwa chenji. Ile rada ya paundi milioni 28 iliyonunuliwa Uingereza mwaka 2001, kesi ikaishia mahakamani kwao 2010, na paundi milioni 29 na ushee zikarudi zikawa vitabu na madawati. Mpaka leo ukitaja rada kijiweni, mtu atakuuliza chenji yake iko wapi. Siku hizi nchi ina rada nne mpya, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Sisi wa katikati tunaonwa kutoka pembeni.)

Petro akaniambia kwamba wapenzi wa mambo haya wako dunia nzima, kila mmoja na antena yake, na wanachanga wanachosikia mahali pamoja ambapo yeyote anaweza kutazama. Akaniomba namba ya ndege yako. Ipo kwenye ile picha uliyosimama kando ya bawa ukiwa na miwani meusi kama polisi wa filamu. Ubavuni imeandikwa herufi N na tarakimu zake. Hazikupita dakika mbili. Huku ilikuwa saa nne usiku, kwako saa nane mchana, na wewe ulikuwa angani kusini mwa Wichita, futi 4,500. Elia, nilifurahi kama mtoto. Nikamwita mama Petro, naye akamwita jirani, tukakaa wanne mbele ya kioo tunamtazama mtu mmoja akikata mawingu ya Kansas. Ulipotua, jirani alipiga makofi.

Halafu Petro, kwa ujana tu, akabonyeza historia yako.

Jumanne nne mfululizo. Tarehe 26 Agosti, tarehe 2, tarehe 9, tarehe 16. Kiwanja kilekile kidogo, muda wa saa tatu pale chini, halafu nyumbani. Nikamwambia Petro azime. Akasema, "Lakini Baba, iko wazi kwa kila mtu." Nikamwambia azime hata hivyo. Usiku huo niliitoa barua yako kwenye Biblia nikaisoma upya.

Sasa nikujibu, maana nisikudanganye kwamba umenishinda kila mahali.

Kwenye gharama sikuonei huruma sana. Sheria ya kufunga kifaa ilitangazwa 2010, tarehe ya mwisho ilikuwa 1 Januari 2020. Miaka kumi! Kwetu tangazo linatoka Ijumaa, msako unaanza Jumatatu. Tena wenye ndege za injini moja kama yako walipewa dola 500 kuanzia 2016 za kupunguza makali. Najua 500 hazitoshi kifaa na fundi wake, lakini mnunue ndege wanne halafu mshindwe kuchangia kijisanduku?

Na hulazimishwi kila mahali, umeandika mwenyewe. Wenye vile vindege vya zamani visivyo na umeme wa injini wamesamehewa, na maputo pia, na nyanda za mbali na viwanja vikubwa, chini ya futi 10,000, mtu anaruka bila kuulizwa. Ila hapa kuna ndoano uliyoionyesha, nami nimeikubali. Ukishakifunga ili uweze kuingia Wichita kwenye kiwanja kikubwa, sheria inataka kiwake muda wote uendeshapo, hata ukiwa peke yako juu ya mashamba ya ngano ambako asiyekuwa nacho anapita kimya. Umenunua ufunguo wa geti moja, kumbe umejivika kengele ya maisha.

Usalama ndio unaonigawa. Wewe umeandika kwamba una macho, una redio, na umeruka miaka kumi na moja bila kugongana na mtu. Hiyo ni hoja ya kila dereva kabla ya ajali. Tazama ile ya Washington, 29 Januari mwaka huu, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi, watu 67. Helikopta haikuwa inajitangaza kwa ADS-B. Mimi naisoma habari hiyo nasema, bora kila kitu angani kipige kelele. Wewe najua utakavyoisoma: mwenye Cessna ya viti vinne kabanwa mpaka kwenye mkia, na aliyeruhusiwa kukizima ni yule wa helikopta aliyekuwa juu ya mto, usiku, kwenye mlango wa kiwanja cha mji mkuu. Na kwa kweli sina jibu la hilo. Aliyesamehewa ndiye aliyekosekana.

Na kuna kupotea. Umewahi kunisimulia wale wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, waliopotea na ndege Alaska Oktoba 1972, wakatafutwa wiki tano na zaidi, mpaka leo hakuna hata kipande. Ukiangalia pori la kutoka Manyoni kwenda Rungwa utaelewa kwa nini nikisikia neno kufuatiliwa, kwanza nawaza mtu anayesubiri kuonekana. Utasema kazi hiyo ni ya kifaa kingine, kile kinachopiga ishara ya dharura kwenye masafa ya 406 ndege ikianguka. Sawa. Lakini mama yako hajui tofauti ya vifaa. Anajua ama umeonekana ama hujaonekana.

Ankara ndiyo iliyonigeuza. Umesema ulikwenda kiwanja fulani kumsindikiza kijana anayejifunza, mkafanya ile ya kugusa na kuondoka mara sita, magurudumu yanabusu lami mnapaa tena, na baada ya wiki kadhaa posta ikaleta bili ya ushuru wa kutua mara sita. Hakuna aliyewaona kwa macho. Kampuni imesikiliza kifaa, ikahesabu miguso, ikatazama kwenye daftari la usajili namba hiyo ni ya nani na anakaa wapi. Kijana akabaki anaomba kurudia mara mbili tu badala ya sita, ili kuokoa hela. Yaani kifaa cha usalama kinampunguzia mwanafunzi mazoezi ya kutua! Nasikia kuna mswada umepelekwa kwenye Bunge lenu mwaka huu wa kuzuia mambo hayo. Mkitaka, nitauombea.

Hili nimeliona hapahapa, bila ndege. Yona mdogo wangu, unamkumbuka, anaendesha basi la Tabora. Mabasi yetu yana kifaa cha VTS cha kufuatilia mwendo, spidi ikipita 80 kinalia, na mimi ni mmoja wa waliokisifu, maana tulizika sana kabla yake. Yona naye hakulalamika. Spidi ni spidi. Lakini tajiri wake naye aliunganishiwa kwenye simu, na mwezi wa tano alimkata posho kwa kusimama dakika 14 kabla ya Manyoni. Kulikuwa na bibi anatapika, Elia. Tajiri hakumuona bibi. Aliona nukta imesimama. Tangu siku hiyo Yona anabeba mifuko ya plastiki kwenye droo, na anayetapika anatapikia humo, basi linakwenda. Ajali hakuna. Ndiyo maana siwezi kusema kifaa ni kibaya, na siwezi kusema Yona hana haki ya kununa.

Baba mkubwa wa Bahi alilisema vizuri zaidi yetu sote walipoletwa wataalamu wa hereni za kielektroniki za ng'ombe. Wakamweleza kuhusu wizi, chanjo, soko la nje. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sikio silikatai. Hesabu anabaki nayo nani?" Unajua kwetu humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Anaweza kukukaribisha, akakupa ugali wa uwele na mlenda, akakuonyesha zizi lenyewe, lakini swali hilo ukiliuliza umemvunjia heshima. Ng'ombe wanaonekana na kila mpita njia. Hesabu ni yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ukinuna nuna: kifunge, kiwashe, kipige kelele. Anga si shamba lako, ukigongana na mwenzako hufi peke yako. Ila hesabu ya safari zako ingekaa kwa mwongoza ndege kwa kazi ya siku ile tu. Asipewe mkusanya ushuru, wala Petro. Umesema mnaweza kuomba namba ya kuazima isiyokuwa ile ya usajili, mradi hamtoki nje ya nchi. Iombe, ndugu yangu. Mtu aliyekaa Makole na antena ya kujitengenezea asikujue kiasi hiki.

Sijakuuliza kuhusu hizo Jumanne na sitauliza. Siku ukitaka kunieleza, utanieleza. Usipotaka, mimi niliona ndege tu, sikuona mtu akishuka.

Shida imebaki moja, na kosa ni letu. Mama Petro na yule jirani hawakujua kwamba ni jambo la kunyamazia. Kufika Alhamisi, Makole nzima ilijua kwamba Elia ameonekana angani. Leo kanisani Mama alinishika mkono akanivuta pembeni. Alifurahi sana, akataka nimweleze ndege ilivyokuwa inatambaa. Halafu akauliza, "Alikuwa anakwenda wapi?"

Nimemwambia mazoezi. Akikupigia simu, jibu ni hilohilo.

Ni mimi ndugu yako,
Simoni