Neno 'fine' lisifundishwe nusu

Mhariri salamu, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi nauza pembejeo huku Mwanjelwa, Mbeya, na kingereza tunachowapa watoto wetu kinaniuma sana.

Juzi kaja mzee mmoja wa Umalila kulalamika, alinunua mbegu za karoti mahali, maelekezo yote kingereza, akampa kijana wake wa kidato cha tatu asome. Kijana kaona pameandikwa andaa 'fine seedbed' akamwambia baba ni tuta zuri, basi mzee akapiga tuta zuri kweli limenyooka ila lina mabonge kama ngumi, sasa mbegu ya karoti ilivyo ndogo itapenya wapi pale, zimeota moja moja. Kumbe hapo 'fine' ni udongo uliolainishwa, mabonge yote yamevunjwa. Kijana hana kosa, alifundishwa 'I am fine' ikaishia hapo.

Na hili neno lina mambo mengi jamani. Dereva wa lori njia ya Tunduma akiandikiwa 'fine' ndo ile faini tunayoijua. Ukimkaribisha mzungu chai akasema 'I'm fine' ujue amekataa, usimmiminie. Mmebishana na mtu akajibu 'fine' kwa mkato, hiyo ni haya basi, wala hajaridhika. Kwenye mkataba wa mkopo 'fine print' ni yale maandishi madogo ya chini, mara nyingi ndo yamebeba makato na masharti magumu, na watu wanasaini hivyo hivyo. Nilivyofuatilia nikakuta asili yake ni kilatini, finis, yaani mwisho, likapitia kifaransa, kitu kilichotengenezwa hadi mwisho kinakuwa safi na laini, na hela unayolipa ili kesi iishe ndo faini. Mtoto ukimweleza hivyo hasahau.

Walimu najua madarasa yamejaa, ila mtoto anamaliza la saba kwa kiswahili anaingia form one masomo karibu yote kingereza, na vineno kama hivi ndo vinamwangusha, kwenye jiografia anakutana na 'fine sand' anadhani ni mchanga mzuri. Mpeni neno pamoja na sentensi zake za shambani, barabarani na benki. Na nyie gazeti tengeni kakona ka neno moja kila wiki, sisi huku tutakata tubandike dukani wakulima wasome.

Muuza pembejeo,
Mwanjelwa, Mbeya