Anatuuliza amebakiza ngapi mkononi, tumjibu nini?

Ndugu Mhariri, nawe msomaji uliyewahi kuuguza, asalaam aleikum.

Sisi ni wacheza bao kumi na mmoja wa kibaraza kimoja cha Ngamiani, Tanga mjini. Mwenzetu mmoja, ambaye hapa tutamwita Fundi kwa kuwa ndivyo aitwavyo barazani, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitali wamesema ugonjwa hautapona. Kilichobaki ni tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na kumtunza nyumbani. Hayo wameambiwa wanawe. Yeye ameambiwa ana mgongo.

Tatizo letu liko hapo. Lakini tuanze na yale tuliyokwisha kuyaweka sawa, ili atakayetujibu asipoteze wino kutufundisha kupanga mito, na huenda mwenye mgonjwa kama huyu akaokota kitu.

Kwanza saa. Mofini ya maji anapewa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mbili kwa mpigo ili alale hadi alfajiri. Kawaida ya baraza letu ni kukaa saa 10 na nusu hadi adhana ya magharibi. Kwa Fundi hakuna wakati mbaya kama huo, maana dawa ya saa 8 inakuwa inamwisha mwilini, na kufika saa 11 anashika kete huku ameuma meno. Tumehamia saa 9 kasorobo, dawa ikiwa imekwisha kushika, na saa 10 na nusu tunaaga hata kama bao liko patamu. Kwa kuwa kuinuliwa ndiko kunakomuumiza zaidi, muuguzi ameandika dozi ya ziada apewe nusu saa kabla ya kukalishwa. Kiasi ni cha kuandikiwa na mtaalamu. Mtu asije akaazima kipimo cha mgonjwa wa jirani.

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Chupa hufichwa kabatini "ikae kwa siku mbaya", mgonjwa anapewa akishalia, na kwa kuwa maumivu yamekwisha kupanda, dozi ileile iliyokuwa ikitosha haitoshi tena; basi watu husema dawa haifai. Maumivu huzuiwa kabla hayajarudi, kwa saa. Mofini iliyotolewa kwa kipimo haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja wala haimharakishi kuondoka. Usingizi na kichefuchefu cha mwanzo hupungua baada ya siku chache. Kisichopungua ni kufunga choo, na ndiyo maana dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, huanza siku moja na mofini bila kusubiri tumbo lijae. Wauguzi wa tiba shufaa huelekeza pia mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa, kijiko kimoja cha chai usiku. Mkoa wetu una bahati katika hili: Hospitali Teule ya Muheza ina huduma ya tiba shufaa ya miaka mingi, na walio jirani nayo wasione haya kuuliza.

Pili, makalio. Mcheza bao aliyezama kwenye hesabu hajigeuzi. Mzima ataamka na ganzi tu. Mgonjwa aliyekonda atapata kidonda juu ya kifandugu. Kitandani hugeuzwa kila saa mbili, lakini akiwa amekalishwa hatumwachi zaidi ya nusu saa bila kumsogeza uzito, upande huu kisha ule. Kuna aliyeleta mpira wa ndani wa gurudumu la gari akalie tundu. Tumeurudisha kwa heshima: ule mpira hubana damu pande zote za tundu, na nyama ya katikati ndiyo inayokufa. Mito miwili laini na goti lililoinuliwa kidogo, asiteleze kwenda chini, vinatosha. Nasi sote tumefundishwa dalili moja ya kukimbilia: miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukagoma kutoka, ni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda uti wa mgongo umebanwa na ukichelewa miguu hairudi.

Tatu, bao lenyewe. Kuliweka mapajani haiwezekani, mti wa mninga ni mzito. Tumelaza ubao juu ya viti viwili, kimoja kila upande wa kitanda, bao likafika usawa wa kiwiko chake. Tatizo lilikuwa macho: mtu aliyeegemea mito haoni vizuri safu ya mbele ya mwenzake, inafichwa na kingo. Dawa yake ni kuinua upande wa mbali kwa unene wa vidole viwili. Ukizidisha, shimo lenye kete nyingi linamwaga. Chini ya bao tunatandika sinia lenye ukingo, maana komwe, mbegu tunazozitumia kama kete, ikizama kwenye mashuka, kete 64 zinakuwa 63 na ugomvi unaanza.

Mkono wake hauwezi tena kubeba kete nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo ana mkono wa kuazima: yeye anataja shimo na upande, mwingine anapanda kete mashimoni. Kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele), kimbi (la jirani yake) na nyumba (shimo la mraba lenye akiba ya kete) zina majina, yaliyobaki huhesabiwa kutoka kichwani. Mkono bora si wa fundi mwenzake. Mjuzi wa bao hushindwa kujizuia. Akisikia mchezo mbaya husita kidogo, na kule kusita tayari ni kumwambia. Tunamtumia mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye hajui bao ila anajua kuhesabu. Anapanda moja moja bila sura yoyote. Hajawahi kukosea, na sisi wakubwa tumekosea mara mbili.

Akichoka, bao linasimamishwa. Picha ya simu peke yake haitoshi, kwani haionyeshi mambo matatu: zamu ni ya nani, kila mmoja ana kete ngapi mkononi, yaani ambazo hajaziingiza ubaoni, na kama nyumba imekwisha kusafiri, yaani kete zake zimekwisha kupandwa, au bado ni nyumba. Tunayaandika matatu hayo kwenye karatasi, inaingizwa kwenye picha, ndipo bao linafunikwa kanga.

Mchango hautusumbui. Elfu mbili kila mtu kila Ijumaa, anakabidhiwa binti yake anayemuuguza, na yeye ndiye anayetaja kinachohitajika: pampasi za watu wazima, mpira wa kitanda, glavu, mafuta ya mgando ya midomo. Mwanzoni kila mtu alikwenda na ndizi zake, siku moja, zikaoza zote siku moja.

Sasa linalotusumbua.

Mwanawe mkubwa ametuomba, kwa adabu kabisa, jina la ugonjwa lisitajwe mbele ya baba. Anaogopa akijua atakata tamaa na kuacha kula. Ni mtoto mwema, hatumlaumu. Tumetii. Lakini baadhi yetu wamekwenda mbele zaidi, wameanza kumwachia Fundi ashinde. Kwenye karata ungeweza kuficha. Kwenye bao kula, yaani kuteka kete za mwenzio, ni lazima. Ukiwa na cha kula huwezi kujifanya hukukiona. Njia ya kumwachia mtu ni kuchagua kula kudogo na kuacha kukubwa, au kuisafirisha nyumba mapema bila sababu. Mtu aliyefunga wenzake mkononi, kabla hawajamaliza hata kete zao 22, haoni hayo? Anayaona. Juzi alimtazama mwenzake aliyefanya hivyo, hakusema neno, akaomba bao lifunikwe.

Wiki iliyopita ndipo ikaja hii. Zamu ilikuwa yake. Badala ya kutaja shimo, alifumba kiganja chake kitupu, akakiinua mbele ya aliyekuwa akicheza naye, akauliza: "Nimebakiza ngapi mkononi?" Mjukuu akajibu haraka, "Saba, babu." Fundi akatabasamu akasema hakumuuliza yeye. Aliyeulizwa alisingizia sala ya alasiri, na alikwisha kuisali.

Wengi wetu tunaona alichouliza si kete. Na swali si la huzuni tu, lina kazi nyuma yake. Fundi ni mtunza amana wa baraza, na si wa baraza peke yake. Wapo majirani waliompa fedha za kuwatunzia kwa mdomo, bila karatasi. Ana kiwanja ambacho hati yake ina jina la marehemu kaka yake. Kwa sheria yetu ya dini, mtu akifariki hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Madeni na amana anazijua yeye. Asipoambiwa, hataona sababu ya kuita watu na kuyaweka wazi, na wanawe haohao wanaomkinga leo ndio watakaogombana na majirani kesho.

Tumefikiria njia tatu. Mmoja wetu amjibu waziwazi akiulizwa tena. Hiyo ni kuvunja ahadi kwa mwanawe, na pengine kufungiwa mlango. Tumwombe imamu azungumze habari za amana na wasia kama mawaidha ya kawaida, bila kugusa ugonjwa. Hilo linapendeza, ila imamu akija peke yake nyumbani kwa mgonjwa kuzungumzia wasia, nani hataelewa? Ya tatu ni kumrudia mwanawe na kumwomba amruhusu muuguzi wa tiba shufaa amuulize mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Wauguzi hao wamefundwa kuuliza hivyo, na mgonjwa akisema hataki kujua, basi pia ni jibu. Tunaielemea hii ya tatu. Hatujui tu nani kati yetu amkabili kijana, na aanze na neno gani, asije akaona wacheza bao wanamwingilia mambo ya nyumba yake.

Kwa hiyo tunawauliza mliopitia: nani alifungua mdomo kwanza, mtoto, muuguzi au rafiki? Mzee alipoambiwa, je, kweli aliacha kula? Na huyu anayemwachia ashinde tumwambie aache, au tumwache na huruma yake?

Tunarudi kwake Jumanne, saa 9 kasorobo. Karatasi ya bao tunayo. Zamu ni ya Fundi, nyumba yake bado haijasafiri, na mkononi ana saba.

Wacheza bao wa Ngamiani,
Tanga.