Andikeni jina la Bi. Fatima Veseli

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile ripoti ya Wayahudi waliofichwa Albania wakati wa Vita vya Pili imenikera. Mmeandika "wanakijiji wenye huruma" basi, mkarudi kwa Hitler. Wanakijiji gani, hawana majina?

Wanayo. Mzee Vesel Veseli na mkewe Bi. Fatima, Waislamu wa Krujë kule milimani. Kijana wao Refik alikuwa anajifunza kazi studio ya picha Tirana, mji mkuu, ndo akakutana na Moshe Mandil, mpiga picha Myahudi aliyekimbia Yugoslavia na familia yake. Septemba 1943 Waitaliano waliokuwa wameikalia Albania wamesalimu amri, Wajerumani wameingia, Refik akawauliza wazazi wake na wazazi wakasema walete. Wakapanda nyumbu, usiku wanatembea mchana wanajificha mapangoni. Moshe na mkewe Gabriela wakafichwa kichumba juu ya zizi, watoto wao Gavra na Irena wakachanganywa na watoto wa nyumba wanacheza nao mchana kweupe, na ikawa hivyo mpaka Wajerumani wanaondoka Novemba 1944, yaani mwaka mzima mama ana watu juu ya zizi na wakikamatwa nyumba yake yote imekwisha, halafu leo nyie mnamwita mwanakijiji! Yad Vashem wenyewe, ile taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, walimtambua kwa jina mwaka 1987, yeye na mumewe na Refik.

Juzi kijiweni kijana mmoja kasoma ripoti yenu kwa sauti akasema Waislamu kuficha Wayahudi ni uongo wa wazungu, wenzake wakaitikia. Nikabishana mpaka kahawa ikapoa, nageukia gazeti nimwoneshe, hamna jina, hamna dini, hamna hata mji. Mmemwachia ushindi wa bure.

Na shuleni ni hivyohivyo. Mwanangu wa form four sababu za Vita vya Pili anazikariri zote, Versailles, Shirikisho la Mataifa, mdororo wa uchumi, ila muulize raia mmoja tu aliyemwokoa mwenzake kwenye vita hiyo, anakutolea macho.

Sasa naomba Ijumaa hii mrudie, ukurasa wa 3 juu kabisa, sio ile kona ya masahihisho chini ya matangazo ya viwanja. Majina yote saba, la Bi. Fatima lianze. Nakala moja nitaibandika mwenyewe pale kijiweni. Na Krujë ile e ya mwisho ina nukta mbili juu, msiziache.

Msomaji wenu, Tanga