Kuhusu: toleo jipya lililoharibu brashi zangu

Lubumbashi, komini ya Kamalondo

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Mimi ni mchoraji wa mabango na kadi za harusi, na programu yenu ya kuchora vekta, yaani michoro ya mistari na maumbo inayokuzwa bila kufifia, nailipia kila mwezi. Nalalamikia toleo jipya, ambalo limeharibu brashi nilizotengeneza mwenyewe, yaani nakshi ambazo programu huzipanga kufuata mstari ninaouchora.

Inayoniuma zaidi ni ya msalaba wa shaba, ule wa Katanga ambao zamani ulitumika kama fedha. Brashi ya nakshi, mnajua, ina vipande vitano: cha ubavu, cha kona ya nje, cha kona ya ndani, cha mwanzo na cha mwisho. Cha ubavu hakisumbui, kinajirudia tu. Kazi iko konani: mkono wa msalaba huu ukutane na wa mwenzake, pasiwe na pengo wala kupandana. Nilisogeza nukta moja moja mpaka ikakaa. Msalaba ule watu wa hapa wanaujua. Ukipinda kidogo tu, mteja anakurudishia kazi.

Toleo jipya likajiweka lenyewe, sikuliomba. Sasa nikifungua faili za zamani, misalaba inakwenda vizuri ubavuni, ikifika konani inakatika na kuacha uwazi mweupe. Nikiongeza unene wa mstari, msalaba unavutika kama mpira badala ya kukua pande zote. Kwenye maktaba ya brashi zimebaki zenu tu, za mkaa na za wino.

Msaidizi wenu alinijibu nizitengeneze upya, na siku nyingine nigeuze michoro kuwa maumbo ya kawaida kabla ya kupokea toleo. Ushauri wa kwanza siukubali. Wa pili umechelewa, tena haufai: ukishageuza, brashi imekufa, na fremu ya nakshi inayozunguka kadi ikibadilika urefu unaichora yote upya. Bwana harusi wa huku hubadilisha ukubwa wa kadi hata usiku wa kuamkia kuchapa.

Naomba mnirudishie toleo la awali, liweze kufungua pia faili nilizokwisha kuhifadhi kwa hili jipya, na malipo ya mwezi huu myahesabu kwa mwezi ujao. Nimeambatisha faili mbili za fremu ileile, ya kabla na ya baada. Tafadhali azifungue fundi anayeshughulikia brashi, kisha aniandikie yeye mwenyewe.

Wenu,
Mchoraji wa Kamalondo