Hadithi yenu ya mapenzi ofisini, mbona hakuna anayefanya kazi?

Mhariri,

Pole na majukumu. Mimi gazeti la Jumamosi naanzia nyuma kwenye hadithi ndo narudi mbele kwenye siasa, na leo nina dukuduku na hii hadithi ya mapenzi ya ofisini inayoendelea. Inachekesha sikatai, yule mlinzi wa getini ni kiboko. Ila jamani hiyo ofisi inajishughulisha na nini? Mpaka tulipofika dada hajaandika hata barua moja, bosi hajaitwa kikao, kila wiki ni kupishana kwenye lifti na harufu ya pafyumu tu, mshahara unaingia kimya kimya, hakuna hata mmoja analia na ile asilimia 15 ya mshahara inayokatwa kurudisha mkopo wa chuo wa bodi ya mikopo.

Halafu hili la bosi kumwambia dada akikataa kutoka nae dina mkataba hauongezwi, na sisi tucheke. Hiyo ni rushwa ya ngono, imeandikwa kabisa kwenye sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Wanaosoma hadithi zenu wengine ni mabinti wanaoanza kazi juzi juzi, msiwafundishe kwamba ukitishiwa kazi ndo umependwa.

Vichekesho vya kweli viko kwa watu wawili wa cheo kimoja wanaopendana na kazi zinawasubiri. Ofisini kwetu walikuwepo wawili wa hivyo, mmoja masijala mwingine uhasibu. Asubuhi wanashuka basi la mwendokasi pamoja, wakifika karibu na geti kaka anabaki nyuma ananunua karanga asizozila ili waingie mbalimbali, humo ndani ukiwakuta kwenye korido ni "habari za asubuhi dada", "salama kaka", utadhani wamekutana msibani. Kumbe mashine ya vidole inawaumbua, mwisho wa mwezi mahudhurio yakiprintiwa majina yao yamefuatana siku zote, na wakichelewa wanachelewa wote. Lakini wa kwanza kujua hakuwa afisa utumishi, alikuwa mama ntilie, maana kuna siku dada anatoa hela ya wali maharage akaambiwa kwa sauti watu wote tukasikia, "ya kwako kashalipa yule yule wa kila siku". Hapo mwandishi wenu anatafuta nini tena?

Na kama anataka kizuizi cha mapenzi asihangaike na mama mkwe mchawi, tumemchoka. Awape uhamisho. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kuanzia 2016 ni nyumba ngapi ziligawanyika, mume Dodoma mke Dar, wachumba hivyo hivyo, wikiendi inaishia kwenye basi maana unatembea siku nzima, ukifika umechoka hata kugombana huwezi. Sasa tangu 2024 kuna treni ya SGR, ile reli ya kisasa ya Dar hadi Dodoma, masaa kama manne hivi umefika, na visingizio vimekufa! Zamani ukisema "mpenzi safari ndefu" unaeleweka, leo unaulizwa tiketi ni elfu 31 umeshindwa nini.

Hebu fikiria Ijumaa, kaka yuko wizarani Dodoma, ofisi inafungwa saa tisa na nusu, tiketi iko kwenye simu, begi dogo kalificha chini ya meza, saa tisa na dakika ishirini mkurugenzi anatokea mlangoni na lile neno lao, "kijana, hii ripoti inatakiwa leo leo". Dar binti naye kamuaga bosi wake mapema kwa kusingizia jino. Kwa sheria ya kazi mwajiriwa ana siku 28 za likizo kwa mwaka, basi hawa wawili wakae na kalenda wagombane, zipi za harusi na zipi za kwenda kwao kujitambulisha, na huku fomu ya kaka imekwama mezani kwa mtu aliyeko semina. Mwandishi akishindwa kutuchekesha hapo mpeni mtu mwingine kalamu.

La mwisho mhariri, nusu ukurasa haitoshi. Lile tangazo la dawa ya nguvu za kiume linalokata hadithi katikati lihamishieni kule kwenye michezo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam